Mbolea ya Samaki Haiji Bure

Dai linalorudiwa kuliko yote kuhusu akuaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka, ni kwamba samaki hutoa mbolea bure. Si kweli, na dai hili limewapotezea watu fedha zao. Samaki haumbi naitrojeni; anaipokea ndani ya chakula. Takriban robo hadi theluthi hubaki mwilini mwake, na nyingi iliyobaki hutoka kama amonia, hasa kupitia matamvua. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo mboga huinywa. Kwa hiyo mbolea ni kile chakula cha samaki ulichonunua dukani. Mfumo wa James Rakocy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Virgin Islands, kisiwani St. Croix, ulitumia gramu 60 hadi 100 za chakula kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga zinazoelea. Chukua kiwango cha chini kabisa kwa mita za mraba 100: kilo 6 kila siku, zaidi ya tani 2 kwa mwaka. Na bado chakula hicho hakina potasiamu, kalisi na chuma ya kutosheleza mimea, hivyo mkulima huziongeza mwenyewe.

Kuhusu kuokoa maji, wanaosifu wako sahihi. Mfumo huohuo wa St. Croix uliongezewa takriban asilimia 1.5 tu ya maji yake kwa siku.

Dai la pili ni kwamba biashara hii inalipa haraka. Uchunguzi wa kimataifa wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliochapishwa mwaka 2015, uliwahoji wafanyabiashara 257, wengi wao wakiwa Marekani. Waliosema wamepata faida katika miezi 12 iliyotangulia walikuwa asilimia 31. Waliotarajia kuipata katika miezi 12 iliyofuata walikuwa asilimia 55. Sitaki kuwahukumu, maana wengi walikuwa wachanga katika kazi hii, na shamba lolote huchukua muda kusimama. Lakini uchunguzi huo ulionyesha pia kuwa waliouza vitu visivyo chakula, kama vifaa na mafunzo, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata faida. Basi mtu akikufundisha jinsi ya kutajirika kwa mboga, muulize kwanza: mwaka jana, mapato yake yalitoka kwenye mboga au kwenye ada za mafunzo?

Wapo pia wanaobeza: eti huu ni mchezo wa watu wenye muda mwingi. Hapo nakataa kwa moyo wote. Mwalimu mwenye pipa, pampu ndogo na vipimo vya maji anaweza kuwaonyesha wanafunzi, kwa wiki chache, amonia ikipanda na kushuka, nitriti ikifuata, kisha nitrati. Mzunguko ambao kitabu huuchora kwa mishale wanauona kwa macho yao, tena wakiwa na samaki anayewategemea. Ugumu wa shuleni ni mwingine kabisa: umeme ukikatika usiku, oksijeni inapungua majini, na likizo ikifika, lazima awepo mtu wa kuja kuwalisha samaki.