Kabla ya kutia mukono, tuonyeshwe maji yatapita wapi

Ndugu wafanyakazi pamoja na familia zetu,

Kila mara mine inapanuka, kuko familia zenye zinahamishwa. Kwenye mukutano wanatuonyesha picha za nyumba zenye mabati mapya na barabara zilizonyooka. Sisi tunauliza vyumba ngapi, na feza ya miembe ni ngapi. Ni maulizo ya haki. Lakini kuko moja tunasahau: udongo utasawazishwa namna gani, na maji ya mvula yataenda wapi?

Leo wainjenia wanapanga kiwanja kwenye ordinatere, kwa programu kama Civil 3D. Topografe anapima urefu wa udongo pahali mbalimbali; programu inaunganisha zile pointi kwa pembetatu, njo inachora sura ya eneo lote. Kisha inahesabu metre kubiki ngapi zitachimbwa juu, na ngapi zitajazwa chini. Hatukatai kazi hiyo.

Lakini programu inajua tu kile ilipewa. Pointi zikiwa chache, mufereji wenye uko katikati ya pointi mbili hauonekani. Topografe akifika mwezi wa 7, anakuta vumbi. Mwezi wa 1, pale pale ni maji. Wazee wa kijiji wanajua, lakini nani aliwauliza?

Tena, injenia akiambiwa atafute bei ya chini, atapanga udongo wa kuchimba ulingane na ule wa kujaza, ili kamiyo zisilete wala zisitoe kitu. Basi nyumba zingine zinajikuta juu ya udongo wa kujazwa. Usiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, utashuka kidogo kidogo na ukuta utapasuka. Mwenye kulala chini ya ukuta huo si ordinatere.

Sheria ya mine ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inatambua haki za jamii zenye ziko karibu na mine. Haki hiyo haiishie kwenye fanta ya mukutano. Tuulize mambo matatu:

Pointi zilipimwa mwezi gani, na nani wa kijiji alikuwa pale?
Nyumba yangu iko kwenye udongo uliochimbwa ao uliojazwa?
Kanivo zinamwanga maji wapi, na kwa nani?

Watasema haya ni mambo ya wataalamu. Je, si sisi tunafuata plani ndani ya shimo kila siku? Muteremko wa asilimia 2 maana yake santimetre 20 kwa metre 10. Fundi wa nyumba anaupima kwa tiyo yake ya maji, mbele ya watu wote.

Na jambo la mwisho: kiwanja kisipokelewe kabisa mbele ya musimu mumoja wa mvula kupita. Plani isahihishwe kwenye ordinatere, wakati kufuta mustari hakuombe bei. Kisha nyumba kujengwa, kila kosa linalipwa na mwenye kuishi ndani.