Muziki usilie kwa niaba yetu

Dada mmoja wa kikundi chetu ana shairi kuhusu foleni ya maji. Ndani yake madumu yamejipanga mstari tangu usiku, wenyewe wamelala, na asubuhi madumu yanaanza kugombana nani alifika wa kwanza. Ni shairi la kuchekesha. Siku alipolirekodi kwa ajili ya shirika moja lililokuja na kamera, tulicheka wote, hata aliyeshika kamera alicheka.

Baada ya miezi miwili video ikafika kwenye simu zetu. Chini ya sauti yake walikuwa wameweka piano ya polepole, ile ya msibani. Ugomvi wa madumu umekatwa. Limebaki neno "foleni", neno "usiku" na uso wake. Akaangalia mpaka mwisho, akasema: "Ile muziki inalia, lakini mimi sikuwa nalia."

Tunaandika kwa sababu ya hiyo sentensi. Hatupingi mashairi kuwekewa muziki. Tunapinga muziki unaowekwa wakati mshairi ameshaenda nyumbani. Na tunaamini njia nzuri zaidi ipo, tena ni ya zamani: mshairi na wapiga jazi kurekodi pamoja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake.

Kwa nini jazi? Kwa sababu mpiga jazi amezoea kujibu. Biti ya kompyuta haijui kama umesita, umecheka au umekasirika, inaendelea tu. Mpiga besi anayekusikia atapunguza ukipunguza, na ukinyamaza anaweza kunyamaza na wewe. Langston Hughes alilijua hilo. Mwaka 1958 alirekodi mashairi yake pamoja na wanamuziki wa jazi, Charles Mingus akiwa mmoja wao. Gil Scott-Heron naye, albamu yake ya kwanza ya 1970 ilikuwa zaidi ni sauti na ngoma. Shairi lake kuhusu mapinduzi na televisheni lilikuwemo. Mwaka uliofuata akalirekodi tena, safari hii na besi ya Ron Carter na filimbi ya Hubert Laws. Hilo la pili ndilo watu wengi duniani wanalolijua. Muziki haukumlainisha mshairi. Ulimpa miguu ya kwenda mbali.

Kuna mwingine anayetuhusu zaidi. Keorapetse Kgositsile alitoka Afrika Kusini mwaka 1961 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, akapitia Dar es Salaam, kisha akaishi Marekani miaka mingi. Huko jazi iliingia kabisa kwenye mashairi yake. Kikundi cha The Last Poets cha Harlem kilichukua jina lake kutoka kwenye shairi la huyu mtu aliyekuwa uhamishoni. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mkimbizi anapewa tu sanaa na wengine, tunamjibu kwamba na sisi tumewahi kuwapa.

Wapo wenzetu wanaosema jazi ni muziki wa wazungu na wazee. Lakini wazee wetu Wakongo walicheza African Jazz na OK Jazz, na Tanzania kulikuwa na Morogoro Jazz na Western Jazz. Ni kweli, muziki wao ulikuwa rumba na dansi kuliko jazi ya New York, ila neno lenyewe halikuwa geni midomoni mwao. Na Warundi tunaoishi nao wana inanga: mzee anapiga nyuzi huku ananong'ona maneno, na usiposogea karibu husikii. Maneno juu ya nyuzi hatukuyasoma kwenye intaneti. Tulikuja nayo.

Sisi tulijaribu. Tulimwomba mzee mmoja aliyepiga gitaa kwenye bendi huko Bukavu, na kijana anayepiga saksafoni kanisani. Tulitundika mablanketi ukutani, tukaweka simu mbili, tukasubiri mvua iache kupiga mabati. Mara ya kwanza saksafoni ilimeza maneno yote, tukamhamishia kijana mlangoni. Kabla ya kupiga, mzee alimwambia dada asome shairi mara tatu bila muziki. Akauliza, "Hapa unacheka ao unauma?" Dada akasema, "Nauma nikicheka." Basi madumu yalipoanza kugombana, gitaa likanyamaza, halafu likajibu kwa noti chache kama dumu linaloburutwa. Dada akacheka katikati ya shairi. Hatukukata hicho kicheko.

Rekodi si safi. Mtoto wa jirani anasikika. Lakini aliyeisikia hakuuliza tumeteseka kiasi gani. Aliuliza dumu gani lilishinda.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo manne. Moja, mshairi na wanamuziki wakutane kabla ya kurekodi, hata kwa simu. Kama mpiga muziki hajui Kiswahili, mstari kwa mstari atafsiriwe, asije akapiga huzuni kwenye utani. Mbili, mshairi asikilize kazi iliyokamilika kabla haijatoka, na awe na haki ya kusema hapana. Tatu, majina yaandikwe: mshairi, mpiga gitaa, mpiga saksafoni. "Kijana mkimbizi" si jina. Nne, muandike kwenye karatasi, kwa lugha tunayoisoma, rekodi itatumika wapi, na pesa ikipatikana itagawanywa vipi.

Tunajua mtasema muda ni mdogo na ripoti inasubiriwa. Tunaelewa. Lakini ile piano pia ilichukua muda wa mtu kuitafuta na kuibandika. Saa hiyo moja ingetosha kukaa na dada na kumuuliza.

Na sisi washairi tujiangalie. Kuna mashairi yanayotaka kusemwa peke yake, tusiyalazimishie gitaa. Tena kufanya kazi na mwanamuziki ni kukubali naye akuambie, "Mstari huu ni mrefu, sina pa kupumua." Tukitaka kusikilizwa, tujifunze pia kusikiliza.

Mwenye gitaa, inanga, ngoma au saksafoni aje Jumamosi na chombo chake. Madumu bado yako foleni, na safari hii tunataka ugomvi wao usikike mpaka mwisho.

Tuko pamoja.