Umeme Hupimwa Unapofika

Mwaka 1968 Mmarekani Peter Glaser alitoa wazo la kujenga mitambo ya umeme wa jua angani, na tangu hapo mataifa makubwa hayajaacha kulipigia hesabu. Hoja yao ina mashiko. Kilomita 36,000 juu ya ikweta hakuna mawingu, giza huja mara chache na kwa muda mfupi, na kila mita ya mraba hupokea wati zipatazo 1,360 za jua. Mwaka 2023 chuo cha Caltech kilirusha chombo kilichosafirisha nguvu bila waya huko huko angani, na chembe yake ikanaswa juu ya paa la jengo lao Pasadena. Dunia ina njaa ya umeme, na wanaoitafutia chakula wanastahili heshima. Lakini kwa sisi tunaozitazama wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, lipo jambo la kushika kwanza: umeme haupimwi unapochumwa, hupimwa unapofika.

Tuitazame safari yenyewe. Nguvu hiyo itashushwa kwa mawimbi hadi kwenye uwanja wa antena. Katika mchoro uliochunguzwa Marekani miaka ya 1970, uwanja mmoja wa umbo la yai ulikuwa na urefu wa kilomita 13 na upana wa 10, ekari zipatazo 25,000. Hanang inajua uchungu wa ardhi kutwaliwa kwa jina la maendeleo: wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalipoanzishwa kwa msaada wa Canada, na kesi zikafika mahakamani. Tena ukishatoka uwanjani, umeme huo utataka nguzo, nyaya, transfoma na mita, sawasawa na ule wa Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Kitongoji kilicho ng'ambo ya korongo kisichofikiwa na waya kitalala gizani, chanzo kiwe maji ya Rufiji au jua la angani.

Watakuwapo wa kusema kwamba sola ya juu ya bati hulala usiku, na miezi ya baridi ukungu huifunika milima ya Mbulu. Ni kweli. Hata hivyo taa tatu, redio na simu hazihitaji mtambo wa angani. Betri nzuri inatosha. Kinachoua sola nyingi ni ukosefu wa matunzo. Mtu hununua betri ya gari kwa kuwa ni rahisi, akaiweka pembeni ya kitanda na kuinyonya hadi tone la mwisho kila usiku. Betri ile imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika chache za kuwasha injini, haikuundwa kukesha. Haichukui muda inakufa. Juu ya bati, paneli imevaa vumbi la kiangazi ambalo kitambaa chenye maji kingeliondoa. Kisha lawama hutupiwa jua. Mwingine atasema sola ya nyumbani haisukumi mashine ya kusaga. Naam, na ndiyo maana tusichoke kudai nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini (REA) zitoke katikati ya kijiji ziingie vitongojini.

Pengine wataniambia teknolojia hushuka bei, tusiwafungie watoto wetu mlango wa anga. Siufungi. Ripoti ya NASA ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa umeme wa angani ungegharimu mara 12 hadi 80 ya umeme jadidifu wa ardhini. Bei hiyo huenda ikashuka siku moja. Lakini tukumbuke setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka pwani ya Malindi, Kenya: jina lilikuwa la Kiswahili, ujuzi mwingi ukarudi na wageni waliokuja nao. Ujuzi nao hupimwa unapofika. Basi mzazi ampeleke kijana, wa kike na wa kiume, akajifunze ufundi umeme. Mwenye nyumba anunue betri ya sola na kuifuta paneli yake. Na kiongozi akisimama mkutanoni kutaja megawati, wananchi wamuulize kwa adabu: zimefika kitongoji gani?