Heshima ya Upanga na Heshima ya Kauli

Wako watu katika mji huu wa Dar es Salaam, na baadhi yao ni rafiki zangu, ambao kila wakizungumzia vijana wa siku hizi huishia Japani. Husema kuwa vijana wetu wameharibika kwa kukosa nidhamu ya samurai, mtu aliyemtii bwana wake bila ya kuuliza, na aliyekuwa radhi kujipasua tumbo kuliko kuishi na aibu. Maneno haya nimeyasikia barazani Mtaa wa Sikukuu, na nimeyasikia katika maduka ya jumla ya Mtaa wa Kongo. Nayapinga, na ushahidi wangu ni filamu zile zile za Kijapani wanazozisifu.

Wengi wetu tuliujua upanga huo kwa mbali. Katika majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Chox tulizoea picha za karate na kung fu. Baadaye zikaja kanda za ninja katika mabanda ya video. Tukabaki na upanga unaometameta. Maswali ambayo mabingwa wa sinema ya Japani waliuliza juu ya upanga huo yalitupita.

Hebu tuitazame filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1954, Shichinin no Samurai, yaani Masamurai Saba. Wakulima wanaoporwa na majambazi wanawaajiri masamurai wasio na bwana, na ujira wao ni chakula tu. Wakulima wenyewe wanakula nafaka duni ili walinzi wao wale wali. Kambei, mkuu wa masamurai hao, anaonekana mwanzoni akinyolewa shungi la nywele, alama ya cheo chake, ili ajifanye mtawa na kumwokoa mtoto aliyetekwa na mwizi. Umati unashangaa. Yeye anajipapasa upara wake, basi. Mwenzake Kikuchiyo anatembea na hati ya nasaba aliyoipata kusikojulikana. Kwa hesabu ya hati hiyo, jitu zima lile lina umri wa miaka 13! Kumbe ni mtoto wa mkulima. Naye ndiye anayewaambia wenziwe ukweli: ikiwa wakulima ni waongo na wanaficha mchele, ni nani aliyewafanya hivyo kama si masamurai waliochoma vijiji vyao? Mwishoni wanne kati ya saba wamekufa, na wote wameuawa kwa bunduki. Sifa za upanga ziko wapi hapo?

Masaki Kobayashi alikwenda mbali zaidi katika Seppuku, ya mwaka 1962. Habari yake ni ya mwaka 1630. Kijana maskini aliyekuwa samurai ameuza panga zake ili kuwatibu mke na mtoto, na ameweka za mianzi alani. Anakwenda kwenye jumba la ukoo mkubwa kuomba mahali pa kujiua, akitumaini kwamba watamwonea huruma. Wakubwa wale, kwa kulinda heshima ya nyumba yao, wanamlazimisha ajipasue tumbo kwa mwanzi ule ule. Mkwewe anakuja kudai haki, naye anauawa. Kisha karani wa ukoo anaandika kitabuni kwamba watumishi waliouawa siku ile wamekufa kwa maradhi. Jina la ukoo linabaki safi. Ndugu msomaji, hiyo ndiyo heshima tunayotaka kuwarithisha watoto wetu?

Tena tusidanganywe na neno mila. Kitabu cha Inazo Nitobe kilichoitangazia dunia habari za bushido kiliandikwa kwa Kiingereza na kupata sifa kuanzia mwaka 1900, wakati serikali ya Japani ilikwisha kuwakataza masamurai kuvaa panga hadharani tangu mwaka 1876. Ni rahisi kuupamba upanga uliokwisha kuwekwa kabatini.

Sisi wenyewe maradhi hayo tunayajua. Hapa pwani, muungwana alikuwa kwanza ni mtu asiye mtumwa, na heshima yake ilihitaji mwingine awe chini yake. Lakini wasemaji wa Kiswahili waliligeuza neno hilo. Leo tunasema uungwana ni vitendo, na hatuulizi mtu ni mtoto wa nani.

Namjua mfanyabiashara mmoja, shabiki mkubwa wa masamurai, aliyemzaba kofi msukuma mkokoteni mbele ya wateja kwa sababu alidai ujira wake kwa sauti. Akatuambia amelinda heshima yake. La hasha! Alilinda kiburi chake, na ujira hakuulipa.

Kinyume chake ni biashara ya mali kauli. Kariakoo mtu huchukua mzigo kwa neno lake tu, akauze, kisha arudi kulipa. Soko kuu lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, mama mmoja ninayemfahamu alipoteza mzigo wote aliouchukua kwa kauli. Hakuzima simu. Aliwafuata wenye mali mmoja mmoja, akawaambia, "Deni lenu nalitambua, nipeni muda." Amelipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Hakuna aliyempigia makofi, na hana ukoo wa kujivunia.

Basi anayetaka kuwafundisha vijana heshima asiwahimize kufa kwa ajili ya bosi. Awafundishe kutimiza kauli, na bosi awe wa kwanza kuitimiza yake, kwa kumlipa mchukuzi kabla jasho halijamkauka. Heshima ya mtu hupimwa kwa namna anavyomtendea yule asiyeweza kumfanya lolote. Kambei alilijua hilo siku aliponyoa shungi lake.