Boila ikiharibika, mbabula ibaki nje



Juma lililopita tulikwenda kumwona mwenzetu mmoja, tukakuta boila yake imekufa tangu siku tatu. Fundi alikuwa anaahidi kesho, na kesho tena kesho. Baridi ya mwezi wa saba hapa Lubumbashi tunaijua wote: mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na asubuhi maji ya bomba yanauma vidole. Watoto walikuwa wanakataa kuoga.

Jioni moja mama yule alichukua mbabula yenye makala yaliyokwisha kushika vizuri, bila moshi, akaiingiza katika chumba cha kuogea. Akafunga mlango ili joto lisitoke, akaanza kuogesha watoto wawili. Mkubwa akasema kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu. Mama akafikiri ni njaa. Nyanya yao ndiye aliyefungua mlango na kuwatoa uani. Leo wote ni wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini tulirudi nyumbani kimya, sababu wengi kati yetu tumekwisha kufanya vile vile.

Tujue basi: makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatudanganya, maana sumu ipo palepale. Alama zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu akionyesha alama hizo karibu na mbabula, tumtoe nje kwanza, halafu twende hospitali bila kungoja. Maji tuyachemshe nje, tuingize ndani sufuria peke yake. Na usiku mbabula isilale chumbani na watu, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

Maji ya moto nayo yana hatari yake. Katika beseni tutangulize maji baridi, ndipo tuongeze ya moto, tupime kwa kiwiko kabla mtoto hajaingia. Maji ya digrii 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Akiungua, tumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga tuviache.

Wengine hununua ile chuma ya umeme ya kutumbukiza ndani ya ndoo. Ikiwa imechomekwa, mtu asiguse maji wala ndoo. Tuchomoe kwanza, ndipo tupime. Mtoto asiachwe peke yake nayo hata kidogo.

Sasa boila yenyewe. Kabla ya kumwita fundi, kuna mambo tunayoweza kuangalia sisi wenyewe bila kufungua kitu.

Kwanza tukate umeme wa boila kwenye disjonkteri. Kama disjonkteri inaanguka kila mara tunapoiwasha, tusiilazimishe: mara nyingi rezistansi imepasuka na maji yameingia ndani yake. Kama tunasikia umeme unatutekenya tukigusa robine, tukate mara moja na hakuna wa kuoga mpaka fundi apime waya wa ardhi.

Pili, maji yakikatika mtaani, boila nayo izimwe. Yakirudi, tufungue robine ya moto tungoje mpaka yatiririke vizuri, ndipo tuwashe. Rezistansi ikiwaka bila maji inaungua, na nyingi hufa kwa sababu hiyo.

Tatu, ile supapu ya usalama iliyo chini ya boila inaweza kudondosha matone wakati maji yanapopata moto. Ni kazi yake, sababu maji ya moto yanapanuka. Tuliona nyumba moja wameifunga kwa mpira na kamba ili sakafu isilowe. Tafadhali, tusifanye hivyo kamwe: presha ikikosa njia, boila inaweza kupasuka. Tuweke kopo chini yake. Ikitiririka bila kukoma, hapo fundi aiangalie.

Nne, boila ikianza kupiga kelele kama sufuria inayochemka, au maji ya moto yakiisha upesi, huenda chokaa imejaa ndani. Ni ile ile nyeupe tunayoikwangua katika birika. Fundi anaweza kuifungua na kuisafisha, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua boila mpya.

Fundi akija, tumwombe atuonyeshe kipande kilichoharibika, na cha zamani tubaki nacho. Tupatane bei kabla hajafungua. Na tusimlipe yote kabla maji hayajapata moto mbele ya macho yetu.

Mwenzetu aliona haya kutuambia kwamba hana pesa za rezistansi mwezi huu. Ile haya ndiyo iliyoingiza mbabula bafuni. Wamama, sufuria mbili za maji ya moto kutoka kwa jirani hazimwaibishi mtu. Tumekubaliana kwamba zamu ya likelemba ya juma hili itakuwa yake, na aliyekuwa wa kupokea amekubali kungoja. Nawe unayesoma, kama boila yako imekufa, tuambie Jumamosi kwenye mkutano. Usingoje watoto waumwe kichwa.