Mbao za Ndeeba, Watoto wa Owino

Wataalamu wa elimu ya awali wakikutana kuzungumzia michezo ya nje, mjadala haukawii kugeuka orodha ya manunuzi: bembea ngapi, mteremko wa rangi gani, nyasi bandia zitoke wapi. Toleo hili linahusu matofali makubwa ya mbao, yale ya kubebwa na kupangwa uwanjani, na kwa makusudi linaanzia mahali pasipo na bembea hata moja. Linaanzia soko la Owino, Kampala.

Soko hilo, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lilianzishwa mwaka 1971 jirani na uwanja wa Nakivubo. Mwaka huohuo Mwingereza Simon Nicholson alichapisha hoja yake kwamba ubunifu wa mtoto hukua kadiri anavyozungukwa na vitu vinavyosogezwa, kuunganishwa na kubomolewa. Wasomaji wa jarida hili wameisikia nadharia hiyo semina baada ya semina, karibu kila mara ikisindikizwa na picha za viwanja vya Ulaya. Hata uwanja wa Emdrup, Copenhagen, uliofunguliwa mwaka 1943 chini ya ukaliaji wa Wajerumani, hutajwa kana kwamba Wadenmaki ndio waliogundua kuwa mtoto hupenda kuchezea mabaki ya mbao.

Owino mabaki hayajawahi kuadimika. Mtoto wa miaka minne, aliyekaa chini ya meza ya mama yake kati ya marobota ya mitumba, hupanga vifuniko vya maboksi, akaegemeza kipande cha ubao juu ya madumu mawili, akawa na duka. Kisha anapita mchukuzi na robota kichwani akipiga kelele apishwe, mama anamvuta mtoto kwa ukosi wa shati, na duka linakanyagwa. Anayeandika kwamba soko ni uwanja wa michezo wa asili hajawahi kumwacha mwanawe pale toka alfajiri hadi jioni. Vitu vipo tele, nafasi ndiyo haipo.

Na haipo kwa sababu zinazojulikana. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 iliacha elimu ya awali mikononi mwa watu na taasisi binafsi, na ada ikawa mzigo wa mzazi. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, haikushuka hadi chekechea. Mchuuzi asiye na ada hana chekechea. Ana chini ya meza.

Nafasi ikipatikana, linabaki swali la tofali gani liwekwe hapo. Kwa swali hilo mhariri anatofautiana na baadhi ya waandishi wake, na msomaji avumilie, maana uzito wa matofali utachukua nafasi kubwa kuliko inavyostahili. Shule ya Caroline Pratt, iliyoanzishwa New York mwaka 1914, inasifika kwa matofali madogo ya mbao yenye uwiano wa moja kwa mbili kwa nne. Huzungumzwa kidogo mno juu ya yale makubwa ya uani, yenye uwazi ndani. Tofali kubwa la namna hiyo, lenye urefu wa inchi 22 hivi, mtoto mdogo halichukui kwa raha peke yake. Lazima aite mwenzake. Wakilishika huku na huku, mmoja anarudi kinyumenyume, mwingine anaelekeza, na kabla hawajafika wameshabishana, wamepatana na kubadilishana zamu. Harriet Johnson, aliyeandika juu ya hatua za ujenzi wa watoto mwaka 1933, aliiweka hatua ya kwanza kuwa kubeba tu, kabla mtoto hajapanga chochote. Wazazi wanaolalamika kwamba mtoto “anahamisha mbao tu, hasomi” wameiona hatua hiyo kwa macho yao bila kuitambua.

Ndiyo maana matofali ya sponji ya buluu, yaliyopata umaarufu pamoja na uwanja wa David Rockwell uliofunguliwa New York mwaka 2010, hayamridhishi mhariri. Ni mepesi, na mtoto huliinua moja bila kumhitaji mtu. Tena yakifika Kampala yamelipiwa meli, lori na ushuru, ilhali Ndeeba, mwendo mfupi kutoka Owino, mafundi seremala wanapasua mbao mchana kutwa. Ubao wa paini, msasa wa kulainisha pembe, gundi, skrubu na tundu la kuingiza vidole: hakuna fundi wa Ndeeba atakayeomba mafunzo kwa kazi hiyo. Kinachohitajika zaidi ni banda la kuyahifadhi, kwa kuwa mvua za Kampala hupindisha mbao yoyote inayolala nje, na kipande cha ardhi kilichosawazishwa. Kila mchoro wa kujenga upya masoko unaonyesha maegesho ya magari. Uonyeshe na ua wa watoto.

Makala nyingine zinajieleza zenyewe. Ile ya mradi wa chekechea za madrasa, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa juhudi za Bi Swafiya Said, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, inakumbusha kwamba vifaa vya kufundishia kutoka mazingira ya mtoto si wazo la jana. Ya maabara za michezo za shirika la BRAC ni fupi na nzuri. Ya Anji, China, ambako watoto hujenga uwanjani kwa ngazi, mapipa na mbao ndefu, ina picha bora kuliko hoja.

Makala ya mwisho inatetea plastiki nyepesi kwa sababu za usalama. Imechapishwa bila kupunguzwa, ingawa vidole vilivyobanwa vinavyotajwa humo vingi vilibanwa na milango ya madarasa. Walimu wenye vipimo na bei halisi za mafundi wao wazitume kabla toleo lijalo halijafungwa.