Aliyeungama na Aliyesema Mapema

Lance Armstrong wa Marekani ni mstaafu wa mbio za baiskeli ambaye, kwa haki, angekuwa amekwisha sahauliwa. Mwaka 2012 alinyang'anywa ushindi wake wote saba wa mbio za kuzunguka Ufaransa, wa tangu 1999 hadi 2005, akafungiwa maisha. Januari 2013 aliungama mbele ya Oprah Winfrey kwamba ushindi huo wote aliupata kwa dawa zilizokatazwa na kwa kuongezwa damu. Hata hivyo, mwaka 2017 alianza kipindi chake katika intaneti, nacho kimempatia maelfu ya wasikilizaji wanaomtegea sikio awachambulie mbio asizoruhusiwa kushiriki. Pamoja naye wamekuwa wakizungumza George Hincapie, aliyefungiwa miezi sita, na Johan Bruyneel, meneja wao wa zamani, ambaye naye amefungiwa maisha.

Wapo wasemao kwamba hapana ubaya: mtu ameungama, tena mchezo anaujua kuliko watangazaji wengi. Hilo la pili ni kweli tupu. Wapo pia waliougua saratani, kama yeye alivyougua mwaka 1996, ambao hawatasahau fedha ambazo taasisi aliyoianzisha ilikusanya kwa ajili ya wagonjwa. Hao wana haki yao.

Lakini maungamo hayo yalikuja baada ya ushahidi kumzingira, si kabla. Na mali iliyotumika haikuwa ya tajiri mmoja. Timu yake ilidhaminiwa kwa miaka mingi na Shirika la Posta la Marekani, chombo cha umma, kwa zaidi ya dola milioni 30. Serikali ilipomshitaki ilidai karibu dola milioni 100. Mwaka 2018 shauri likamalizwa nje ya mahakama kwa dola milioni 5. Mtumishi wa umma aliyewahi kujibu hoja ya mkaguzi kwa sababu ya stakabadhi moja iliyopotea ataelewa uzito wa hesabu hiyo.

Lililo baya zaidi ni jinsi walivyotendewa waliosema mapema. Emma O'Reilly, mkandaji wa timu hiyo, alipoeleza aliyoyaona alishitakiwa na kutukanwa hadharani. Kabla yake, katika mbio za mwaka 1999, Mfaransa Christophe Bassons, mwendesha baiskeli aliyekataa dawa, aliandika gazetini kueleza shaka yake juu ya kasi iliyoonekana mwaka ule. Siku ya kuelekea Alpe d'Huez, Armstrong alimfuata barabarani akamwambia afadhali aondoke. Waendesha baiskeli wenziwe, hata wa timu yake mwenyewe, wakamtenga, naye akaondoka mbio zikiwa bado zinaendelea.

Soko la matangazo ya biashara halina dhamiri. Huhesabu masikio tu, na masikio humfuata mwenye jina. Armstrong jina alilipata kwa udanganyifu, akalinyang'anywa vikombe, lakini jina lenyewe amebaki nalo, na ndilo linalomlisha. Msikilizaji anayejiburudisha naye kila Julai anachangia malipo hayo, apende asipende.

Bassons aliacha mbio mwaka 2001, akawa mwalimu wa michezo, kisha akaingia katika utumishi wa serikali huko Ufaransa, kazi yake ikiwa kupambana na dawa zile zile.